Hatua Laki Mlangoni

Jumatatu, 1 Septemba

Iandikwe na ijulikane kwa vizazi vyote vijavyo: leo saa nne na robo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na birika moja la chai, kiti changu kimepata mguu wa nne. Kwa miezi kumi na moja nimekalia mitatu na kamusi moja kuukuu iliyoshikilia kona. Kamusi imestaafu kwa heshima zote. Mguu mpya umeletwa na mume wangu, ambaye ni fundi samani na amekuwa akiniahidi tangu mwaka jana. Msahihishaji wetu alitoa hotuba. Tunamwita Koma, kwa kuwa hajawahi kuona sentensi asiyoweza kuisimamisha katikati. Alisema leo taaluma ya kamusi imepata msingi imara.

Habari ya pili haikuwa na hotuba. Mkuu wa ofisi anataka kuondoa asili.

Asili ni ule mstari mdogo mwishoni mwa kila neno kwenye kamusi yetu: neno hili limetoka wapi, limepita kwa nani. Mistari hiyo ni yangu. Miaka ishirini na saba. Ndiyo maana hapa wananiita Bi Asili, na wengine wapya wanadhani ndilo jina langu la kuzaliwa.

Mkuu ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na mbili. Akiniita kwa kazi huniita Bi Asili. Akiniita "dada" najua kuna jambo atanikatalia. Leo kaniita dada mara tatu. Alisema nusu ya mistari yangu ina "huenda", nusu nyingine ina "inasemekana", na toleo jipya halina nafasi ya kurasa sitini za huenda. "Hii ni kamusi, dada. Si kijiwe."

Nikamwambia nipe neno moja. Nikuoneshe hatua kwa hatua, na ushahidi juu. Kamati inakutana Ijumaa tarehe 19. Nikifaulu, asili inabaki. Nikishindwa, inakatwa yote na mimi nahamia kuhakiki namba za kurasa hadi nistaafu.

Akauliza neno gani. Nikasema laki.

Jumanne, 2 Septemba

Koma ameniuliza kwa nini laki. Nilijibu kitaalamu: ni neno ambalo kila mtu analo mdomoni na hakuna anayejua amelichukua wapi.

Ukweli: nyuma ya kichwa cha Mkuu kuna kalenda ya kiwanda cha rangi iliyoandikwa "Kuta laki zimetuamini". Ningekuwa nimesimama upande wa pili ningechagua feni.

Lakini nimeshalichagua. Kalamu nimechonga, kiti kina miguu. Hakuna kisingizio.

Alhamisi, 4 Septemba

Hili neno lina miguu kuliko kiti changu.

Kwao ni Kisanskriti: *laksha*. Na kabla ya kuwa namba lilikuwa alama tu. Kitu unachokitolea macho, shabaha ya mwenye upinde. Katika maandishi ya kale zaidi yaelekea lilikuwa hata kile kinachowekwa katikati watu wakicheza kamari. Namna alama ilivyogeuka kuwa elfu mia moja, hakuna aliyeandika. Wakati wa Veda, maandiko yao matakatifu ya kale, walikuwa na neno jingine kwa hesabu hiyo. Kisha hili likaingia, likakaa kwenye kiti, lile la kwanza likasahauliwa. (Nawajua watu wa namna hiyo ofisini.)

Kihindi kikalifupisha: *lakh*. Waajemi wakalichukua, Waarabu wakalichukua. Namba husafiri na wanaohesabu — wenye maghala, wenye mizani, makarani. Lilipofika kwetu likapewa irabu mwishoni, kama mgeni anayepewa kandambili mlangoni. Laki. Likaingia ndani, mpaka leo halijatoka.

Upande wa mashariki likaenda kwa Wamalei: *laksa*. Huko ni elfu kumi tu.

Koma alisoma karatasi yangu juu ya bega langu, tabia yake.

"Yaani sifuri moja ilidondoka njiani?"

"Inaelekea."

"Na hakuna aliyerudi kuiokota?"

Tulicheka mpaka Mkuu akatoa kichwa mlangoni kuuliza tunacheka nini. Koma akasema: sifuri. Mkuu akasema kazi njema, akafunga mlango.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeshinda karakanani kwa mume wangu, ati nampelekea chakula. Nilikuwa natafuta mdudu.

Anayo kwenye kopo: yale magamba membamba ya rangi ya asali anayoloweka kwenye spiriti kung'arisha meza. Ni utomvu wa mdudu mdogo anayejazana kwenye matawi ya miti. Kwa Kisanskriti jina lake linakaribiana mno na lile la namba, na ukoo wake ndio uliotuletea lakiri ya kufungia bahasha. Wapo wanaosema mdudu na namba ni ndugu wa damu: wadudu laki kwenye tawi moja, basi namba ikachukua jina la mdudu. Wapo wanaosema ni majirani tu waliofanana sura.

Fundi alisikiliza huku anasugua mlango wa kabati.

"Andika ni ndugu," alisema. "Hadithi nzuri hiyo."

"Nzuri mno. Ndiyo maana siiamini."

"Mke wangu, wewe ukipewa embe utauliza cheti chake."

Nikampa somo, maskini, mkono wake mmoja umejaa rangi hawezi kukimbia. Kwamba kazi yangu ni kuandika kinachojulikana na kusema wazi kisichojulikana. Kwamba uongo mzuri kwenye kamusi ni mbaya kuliko uongo mbaya, maana mbaya mtu ataushuku. Nilisema vizuri kweli. Nilitamani Mkuu angekuwapo.

Nimeandika: *uhusiano na jina la mdudu haujathibitishwa.* Mstari mkavu. Najivunia.

Jumatatu, 8 Septemba

Tatizo. Najua neno limetoka wapi, najua limepita kwa nani. Sijui lilifika kwetu lini. Kamati itauliza lini. Kamati zote huuliza lini, ni swali lisilohitaji kusoma.

Kamusi za zamani zinalo lakini zenyewe si za zamani sana. Nataka mtu aliyelitumia. Mtu wa kawaida, kwenye maandishi yake mwenyewe, na tarehe juu.

Saa tisa alasiri, nimempata!

Yumo kwenye kile kitabu chekundu cha profesa mmoja mstaafu kuhusu historia ya maneno, ukurasa wa 88, tanbihi. Barua ya mfanyabiashara wa vitambaa kwa nduguye. Miaka mia moja na kumi iliyopita. Sentensi moja:

*Nimezihesabu hatua zinazopita mlangoni hata zikawa laki, na zako bado hazimo.*

Niliisoma nikasisimka mwili mzima. Nilihisi kama nimewahi kukutana na huyu mtu. Hivi ndivyo maandishi ya kweli yalivyo, nilijiambia, yanakugusa bega. Hakuna mtu angeweza kubuni hili.

Nimeangalia kwingine. Watu sita wamemnukuu profesa, makala na vitabu. Wote wanakubaliana. Ushahidi juu ya ushahidi.

Jumatano, 10 Septemba

Mkuu amesoma rasimu. Kurasa nne. Nilikaa mbele yake nikihesabu miraba ya kapeti. Alipofika kwenye ile barua aliacha kusoma, akatazama dirishani.

"Huyu ndugu yake alikuwa wapi?"

Nikasema haijulikani.

"Bi Asili," alisema — si dada, Bi Asili — "kama mistari yote ingekuwa hivi nisingeigusa."

Anataka sentensi ile iwekwe juu kabisa, kwenye karatasi ya kwanza watakayopewa kamati. Na anataka niwaoneshe kadi yenyewe. Kwa maana profesa kwenye tanbihi yake anasema aliipata kwenye kadi ya mfano wa neno, ofisi ya kamusi. Yaani ofisi yetu! Imekuwa humu humu ndani muda wote.

Natoka ofisini nikiwa mrefu kidogo kuliko nilivyoingia. Kwa mwanamke wa kimo changu hilo si jambo dogo.

Alhamisi, 11 Septemba

Jioni, chakulani. Nimemsomea Fundi ile sentensi, kwa sauti ya redio.

Aliacha kutafuna.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hayo maneno ni yangu."

Nikamcheka. Nikamweleza kwamba aliyeandika ni mfanyabiashara wa vitambaa, alikufa kabla baba mkwe wangu hajaota meno. Akasema kwa utulivu, kama anavyomwambia mteja kwamba mbao alizoleta zimeliwa na mchwa: "Nilikuandikia mimi. Ulikuwa umeniahidi utapita karakanani, siku tatu hukupita. Barua unazo wewe."

Ninazo. Zimo kwenye kopo la vifungo.

Ni ya nne kutoka juu. Karatasi ya mistari, penseli ya fundi, ile nene. *Nimezihesabu hatua zinazopita mlangoni hata zikawa laki, na zako bado hazimo.*

Neno kwa neno.

Kesho nitampigia profesa.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi nilimpigia profesa. Sauti yake imezeeka lakini akili iko palepale. Aliitoa wapi? "Kwenye kadi zenu, binti yangu. Droo ya L. Niliinakili mwenyewe, kadi ilikuwa safi, mwandiko mzuri."

Nikavuta droo ya L.

Mwandiko mzuri ndiyo. Ile K yenye mkia niliyokuwa nikiiringia kabla sijaanza kuandika haraka. Wangu.

Nimekaa nayo dakika nyingi mpaka ikarudi yote. Mwaka wangu wa kwanza. Kanuni ilikuwa kadi mia moja kwa wiki: neno, sentensi iliyotoka kwenye maandishi halisi au kinywa halisi, chanzo, tarehe. Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na tisini na saba. Saa kumi nilitakiwa kwa mshonaji kujaribu gauni la harusi. Zilibaki tatu. Nikatunga tatu.

Kwa laki sikutunga hata. Barua ilikuwa kwenye mkoba wangu, nilikuwa nikitembea nayo kila mahali kama kitambulisho. Nikanakili. Kisha nikaona aibu: siwezi kuandika "chanzo: mchumba wangu". Nikamtafutia mwenye barua mwingine, nikampa vitambaa, nikampa ndugu, nikampa tarehe ya zamani ili asiulizwe na mtu. Nikaenda kwa mshonaji. Gauni lilibana.

Profesa akaiamini kadi. Sita wakamwamini profesa. Na mimi juzi nikawaamini wote saba nikasisimka.

Nilimsomea Fundi hotuba kuhusu uongo mzuri. Jumamosi tu. Wiki haijaisha.

Jumapili, 14 Septemba

Fundi hanisaidii. Amefurahi mno.

"Yaani niko kwenye vitabu saba?"

"Kama mfanyabiashara wa vitambaa."

"Hiyo si kitu. Niache nikae hukohuko."

Wifi yangu, dada yake, alikuja mchana akapewa habari kabla hajavua viatu. Akasema miaka yote alidhani kaka yake hajui kuandika hata risiti. Kisha akaniangalia: "Sasa wewe, siku tatu hukupita karakanani kwa nini?" Nikasema nilikuwa na kadi mia moja. Akasema ndiyo, tisini na saba.

Wamecheka. Nimecheka pia. Halafu nimeosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 15 Septemba

Niandike hili bila kujipamba, daftari hili si kamati.

Nilikwenda kumwambia Mkuu. Nilibisha hodi. Alikuwa kwenye simu na kiwanda cha uchapaji, akanifanyia ishara nikae. Nikamsikia akisema: "Hapana, kurasa sitini zinabaki. Subirini mpaka Ijumaa, lakini nadhani zinabaki." Akafunika simu: "Enhe, Bi Asili?"

Nikasema nimekuja kuazima stepla.

Ninayo stepla. Ninazo mbili.

Mchana nilimweleza Koma, kila kitu. Alinisikiliza bila kunikatiza hata mara moja, jambo ambalo sijaliona tangu ang'olewe jino. Kisha akasema nani atajua? Profesa kaandika, sita wamefuata, kwa sheria ya dunia sasa hivi ni kweli. Na safari ya neno haijabadilika: Kisanskriti ni kilekile, Kihindi ni kilekile. Kinachopungua ni mtu mmoja mlangoni.

"Ukisema," akaongeza, "humwambii kuhusu laki. Unamwambia kuhusu kila mstari ulioandika. Atakata zote, na atakuwa na haki."

Ndilo hasa linaloniuma. Ana akili sana yule Koma, kwa mtu anayevaa soksi mbili tofauti.

Jumatano, 17 Septemba

Hapa kwetu kadi haichanwi. Ndiyo kanuni ya kwanza tunayomfundisha mgeni. Kadi ikionekana ina kosa hupigwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, nyuma yake huandikwa sababu, na aliyepiga mstari hutia sahihi. Kisha inarudishwa palepale ilipokuwa, ili kila atakayekuja aone kosa na aliyeliona.

Mimi ndiye bingwa wa mistari hiyo. Nimewapigia wafu na walio hai. Nilimpigia Mkuu mwenyewe kadi kumi na moja alipokuwa mgeni hapa, akalia chooni, na siku hiyo nilimwambia: "Usiikasirikie kalamu, mwanangu. Kalamu haikutunga." Anaikumbuka hiyo. Huitaja kila sherehe ya mwisho wa mwaka, na watu hucheka. Sasa sijui kama yeye hucheka.

Leo saa mbili asubuhi, kabla mtu hajafika, nilikaa na kadi ya laki na kalamu nyekundu. Wino ulikataa. Nikaukwaruza kwenye gazeti, ukakubali. Nikapiga mstari kutoka kona hadi kona, juu ya hatua zote za yule mume wangu.

Nyuma nikaandika: *Barua na mwandishi wake ni vya kubuni. Sentensi ni ya fundi samani, aliyomwandikia mchumba wake, miaka ishirini na saba iliyopita. Imechukuliwa bila ruhusa na kupewa tarehe ya uongo na mimi.* Sahihi.

Nimeipiga mstari lakini sijairudisha kwenye droo. Iko kwenye bahasha, kwenye mkoba. Ijumaa nitaitoa mbele yao, kwanza kabisa, kabla ya salamu. Nimeamua. Mtu akiamua hata chai ina ladha nyingine.

Usiku huu nitalala.

Ijumaa, 19 Septemba

Niko koridoni, nimekalia kile kiti cha miguu minne, nimekitoa nje mwenyewe. Mlango wa chumba cha mkutano umefungwa. Naandika yalivyotokea kabla sijaanza kuyapanga vizuri.

Sikuitoa kwanza kabisa.

Nilipanga kuanza, lakini Mkuu akatangulia. Alisimama akasoma ile sentensi yeye mwenyewe, kutoka karatasi ya kwanza, polepole. Wajumbe watano. Mchapishaji akavua miwani. Mwalimu mstaafu, yule mama mnyamavu anayekaa karibu na dirisha, akafumba macho. Mchapishaji akasema kwake hii moja inatosha, kurasa sitini zibaki, twende kwenye ajenda nyingine. Mkuu akanitazama akatabasamu. Miaka saba ya ukuu wake hajawahi kunitabasamia kwa meno.

Nikaeleza safari. Alama, shabaha, namba. Kihindi, Kiajemi, Kiarabu. Sifuri iliyodondoka njiani — wakacheka. Mdudu — nikasema kwa ujasiri kabisa kwamba haijathibitishwa. Nikaeleza vizuri. Bahasha ilikuwa kwenye mapaja yangu muda wote.

Kisha nikakaa.

Ndiyo. Nilikaa. Nilimaliza, nikashukuru, nikakaa, na bahasha nikaisukuma chini ya daftari. Ndani ya kichwa changu sauti ya Koma ilikuwa inasema kinachopungua ni mtu mmoja tu mlangoni. Ningeondoka hivyo. Naandika ili nisije siku moja nikajisimulia vingine.

Mwalimu mstaafu alifumbua macho. Hakuwa na nia yoyote, alitaka tu kujua, kama mtu anavyoulizia habari za mgonjwa wa jirani.

"Huyo ndugu yake, alimjibu?"

Na mdomo wangu, ambao miaka hamsini na minne umeniletea matatizo mengi, safari hii ukafanya kazi kabla yangu.

"Alijibiwa," nilisema. "Mimi ndiye niliyemjibu."

Walidhani ni mzaha. Mchapishaji alianza kucheka. Nikatoa bahasha, nikaweka kadi katikati ya meza, mstari mwekundu juu, nikasema yote. Ijumaa, tisini na saba, gauni. Sikusema lilibana.

Kadi ilizunguka meza, kila mmoja akageuza nyuma akasoma. Ilipofika kwa Mkuu aliishika muda mrefu.

"Ngapi nyingine?"

"Siku ile tatu. Hii ni moja."

"Zile mbili ni zipi?"

"Sikumbuki."

"Na siku nyingine?"

Nilitaka kusema hakuna. Nilifungua mdomo kusema hakuna. Nikasema nadhani hakuna.

"Unadhani," alisema. "Dada, naomba utupishe kidogo."

Dada.

Sasa ni dakika arobaini. Nasikia sauti, si maneno. Mara moja nimemsikia mwalimu mstaafu akisema kwa nguvu, "Lakini amesema mwenyewe!" na mtu akamjibu chini chini. Koma amepita mara tatu na faili lilelile. Mara ya nne ameniletea chai, akasema hakuna koma hata moja ya kuongeza. Fundi ametuma ujumbe: *Nimeondolewa kwenye vitabu?* Nimemjibu: *Umebadilishiwa tarehe tu. Na kazi.* Akajibu: *Basi waambie ulichelewa siku tatu.*

Kabati la kadi liko hapa koridoni, mbele yangu. Droo mia mbili na kumi na mbili. Kadi zote tukizihesabu kwa pamoja hufika karibu laki mbili, na hilo sikulipanga mimi.

Nimesimama nikavuta droo ya kwanza, A. Nimeipakata. Siwezi kukaa bure nikisubiri watu waniamulie. Wakikata asili, kadi mbili bado zitakuwa na uongo wangu. Wasipokata, vilevile. Hili halihitaji kura.

Mkuu ametoka mara moja kwenda kuchukua maji. Alisimama mbele yangu na glasi. Ameiona droo mapajani, ameiona kalamu.

"Umefika wapi?"

"Kadi ya arobaini."

Alikunywa maji nusu. "Usiikasirikie kalamu," alisema, akarudi ndani. Sijui alisema kwa ubaya au kwa wema. Mlango hakuufunga mpaka mwisho.

Kadi ya arobaini na moja si yangu. Arobaini na mbili si yangu. Hamsini na sita: K yenye mkia. Neno ni *adhuhuri*. Chanzo: mwuza maji, kwa mdomo. Sentensi: *Adhuhuri kivuli hurudi miguuni kwa mwenyewe, kama mtoto aliyechoka kucheza.*

Namtafuta huyo mwuza maji kichwani. Namwona na ndoo, namwona na kofia. Lakini yule wa vitambaa naye nilimwona, hata ndugu yake nilimwona.

Nzuri mno hii. Kalamu nyekundu iko mkononi, na sijui kama huyu alikuwapo au nilimtunga.